Tumbili wa Gitaru na hifadhidata yako

Najua nimepotea wiki kadhaa. Kazi ilinizidi, na kazi hiyo hiyo ndiyo imenipa hadithi ya leo. Chukueni chai, maana ni ndefu kidogo.

Tuanze na tumbili.

Tarehe 7 Juni 2016 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuingia chuo, na nikisaidia kwenye saiba ya binamu yangu hapa mjini. Kabla ya adhuhuri stima ikapotea. Tukatoka nje kuangalia kama ni sisi tu. La, ni mtaa mzima. Binamu akampigia rafiki yake wa Eldoret: hakuna stima. Akapiga Mombasa: hakuna. Nchi nzima!

Baadaye kampuni ya KenGen ikaeleza kilichotokea. Tumbili alikuwa amepanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika. Mitambo mingine ya kituo hicho ikajikuta imebebeshwa mzigo wa mwenzake, ikazidiwa, nayo ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka, kisha gridi yote ikalala. Tumbili mwenyewe alipona.

Wakenya tulicheka sana siku hiyo. Mimi pia nilicheka. Miaka michache baadaye, nikiwa darasani nasomea sayansi ya kompyuta, ndipo nilipogundua kwamba tulimcheka asiyestahili. Tumbili hakuizima nchi. Tumbili alizima transfoma moja. Nchi ilizimwa na mzigo uliohamia kwa mitambo iliyobaki bila mtu kuwa na hakika kwamba ingeubeba.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo kuhusu hifadhidata. Sisi waandishi wa programu hupenda kupima jinsi mfumo unavyokimbia ukiwa mzima. Ni mara chache tunapopima unavyofanya kazi ukiwa umevunjika kipande. Na hapa kwetu, jamani, kitu huwa kimevunjika kipande karibu kila siku.

Kwa wale wasiofanya kazi hii, nieleze kwa ufupi. Hifadhidata ni daftari la mfumo: nani ana kiasi gani, nani kalipa, nani bado. Ukiliweka daftari kwenye seva moja, seva ikiungua umekwisha. Kwa hiyo tunaweka nakala kwenye seva tatu, tano au zaidi, sehemu tofauti, zikiwasiliana kwa mtandao. Hiyo ndiyo hifadhidata iliyosambazwa. Kwa kawaida seva moja huwa kiongozi: yeye hupokea maandishi mapya na kuwapitishia wenzake. Kiongozi akipotea, waliobaki huchagua mwingine. Ili wasichague viongozi wawili, kuna kanuni ya akidi, neno lile lile la bungeni: uamuzi hauwi uamuzi mpaka zaidi ya nusu wakubali. Kwenye seva tatu, akidi ni mbili.

Ukisoma hivyo unaona mambo ni rahisi. Mimi pia niliona hivyo.

Sasa hadithi yenyewe. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilitengeneza mfumo wa kupokea maziwa kwa chama kimoja cha ushirika huku kwetu. Sitawataja, wala hawa wala wale. Wakulima kama 2,300, vituo 14 vya kupimia, kuanzia saa kumi na moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili unusu. Karani anaweka maziwa kwenye mizani, anabonyeza mashine ya mkononi, rekodi inaenda kwenye seva, na mkulima anapata meseji: leo umeleta kilo kadhaa. Mwisho wa mwezi analipwa kulingana na rekodi hizo. Kwa mama mwenye ng'ombe wawili, rekodi hizo ndizo karo, ndizo unga, ndizo dawa ya kupe.

Tulikuwa na seva tatu: mbili Nairobi na moja Nakuru. Vituo 4 vya karibu vilizungumza na seva ya Nakuru, vile 10 vingine na Nairobi.

Kabla ya kukabidhi mfumo nilipewa kazi ya kuupima, na niliifanya kwa bidii kweli. Nilichukua programu ya kubebesha mzigo, nikarusha maandishi mengi niwezavyo. Matokeo ya kwanza hayakunipendeza, maana kila andiko lilikuwa likisubiri akidi ikubali kwanza, na safari ya Nakuru hadi Nairobi na kurudi ina muda wake. Nikabadilisha mpangilio mmoja: seva iliyopokea andiko ijibu "tayari" palepale, halafu iwapitishie wenzake baadaye. Mchoro ukapanda juu kama ukuta wa Menengai. Maandishi 4,000 kwa sekunde! Mkubwa wangu akauweka mchoro huo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Wateja wakapiga makofi.

Hebu tufanye hesabu ambayo mimi sikuifanya. Wakulima 2,300 kwa saa tatu ni rekodi moja kila sekunde tano hivi. Nilikuwa nimethibitisha kwamba mfumo unaweza kubeba mara elfu ishirini ya kile utakachowahi kubebeshwa. Ni kama kujaribu gari katika uwanja wa mashindano kisha ulipeleke Mau Narok wakati wa mvua. Swali la Mau Narok si kasi. Swali ni matope.

Matope yalikuja mwezi wa nne. Asubuhi moja, kabla hata ya ng'ombe wa kwanza kukamuliwa, tingatinga lililokuwa likichimba mtaro wa barabara lilikata kebo ya faiba iliyounganisha ofisi yetu ya Nakuru na Nairobi. Laini ya vile vituo 4 ilikuwa nyingine, haikuguswa. Wakati huo kiongozi alikuwa seva ya Nakuru. Zile mbili za Nairobi zilipoona kiongozi kapotea, zikafanya sawasawa kama zilivyofundishwa: zina akidi, zikachagua kiongozi mpya. Lakini seva ya Nakuru haikujua kama imepinduliwa. Na kwa kuwa mimi niliiambia isisubiri akidi, iliendelea kupokea. Kilo 9, tayari. Kilo 14, tayari. Kilo 6 na nusu, tayari. Meseji zikatumwa kama kawaida.

Kebo ikaungwa mchana. Seva ya Nakuru ikarudi kundini, ikakuta kuna kiongozi aliyechaguliwa kihalali, na kwa utiifu ikatupa kila kitu ambacho kiongozi huyo hakuwa nacho, ikanakili daftari lake. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Hakuna kosa lililoandikwa mahali tulipozoea kuangalia. Rekodi 611 zilifutika kimya kimya, kilo 7,000 na kidogo, karibu shilingi 350,000 kwa bei ya wakati ule.

Tuligundua mwisho wa mwezi. Mama mmoja kutoka upande wa Njoro alikuja ofisini na simu yake ya vitufe. Akaniwekea mezani pamoja na karatasi ya malipo.

"Kijana wangu, simu inasema kilo 14. Karatasi inasema siku hiyo sikuleta kitu. Kati ya hivi viwili, ni kipi kinadanganya?"

Nikamwambia, "Mama, nipe muda niangalie." Nikaangalia. Vyote viwili vilikuwa vyetu.

Kilichotuokoa si ujuzi wangu. Ni makarani wa vile vituo, ambao hawakuwahi kuziamini mashine zetu na walikuwa bado wanaandika kwenye daftari kwa kalamu. Tulikaa siku nne tukilinganisha madaftari na meseji za wakulima. Kila mtu alilipwa. Lakini nawaambia ukweli, tangu siku hiyo mchoro wa kasi haunifurahishi tena.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa makini kuhusu watu wanaopima mambo haya kwa njia nyingine. Nitaje wawili tu.

Wa kwanza ni Netflix. Agosti 2008 hifadhidata yao iliharibika, na kwa siku tatu wakashindwa kuwatumia wateja DVD zao. Walipohamia kwenye seva za kukodi za Amazon, waliandika programu inayozunguka kwenye mfumo wao na kuzima seva ovyo ovyo, saa za kazi, wahandisi wakiwa macho. Mwaka 2012 wakaitoa bure kwa kila mtu. Jina lake ni Chaos Monkey, yaani tumbili wa vurugu. Naam, tumbili! Wamarekani waliandika tumbili wa programu, sisi tukaletewa tumbili wa damu na nyama. Tofauti ni kwamba wa kwao hufanya kazi kukiwa na watu wanaomtazama na kuandika anachovunja.

Wa pili ni Kyle Kingsbury, aliyeanza mwaka 2013 mradi uitwao Jepsen. Yeye huchukua hifadhidata zenye sifa kubwa, huziandikia maandishi yenye namba, na wakati zinaandika huwakatia mawasiliano baadhi yao. Kisha huunganisha mtandao tena na kuuliza swali la mtoto: yale mliyosema mmeyapokea, yako wapi? Katika majaribio yake ya mwanzo, Redis iliyokuwa na utaratibu wa kuchagua kiongozi mpya ilipoteza zaidi ya nusu ya maandishi iliyokuwa imekwisha kukiri kuyapokea. Zaidi ya nusu! Nilipolisoma hilo niliona Nakuru yangu yote ndani yake.

Ona swali lake. Yeye haulizi "mnakimbia kiasi gani?" Anauliza "mlichoingiza na mlichonacho, vinalingana?" Karani yeyote wa maziwa huuliza hivyo kila siku. Na swali hilo lina uzito hata nje ya maziwa. Kwenye uchaguzi wa Machi 2013 hapa Kenya, matokeo ya mwanzo kwenye skrini za Bomas yalionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Mwenyekiti wa IEBC wakati huo, Isaack Hassan, alieleza kwamba kosa la programu lilikuwa likizizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa karibu 109,000. Kosa la namna hiyo halionekani kwa kupima kasi. Linaonekana kwa kuingiza fomu kumi za majaribio na kuhesabu kilichotoka upande wa pili.

Haya, sasa ninapimaje siku hizi? Niwape orodha, maana najua wako wanaoisubiri.

1. Kwanza nahesabu mzigo wa kweli. Siku mbaya kabisa ya mwaka ina rekodi ngapi kwa sekunde? Nazidisha mara kumi, naacha hapo. Halafu naendesha jaribio kwa siku tatu, si dakika tatu. Diski hujaa polepole, kumbukumbu huvuja polepole. Jaribio la dakika tatu halioni lolote kati ya hayo.

2. Nachomoa waya wa stima. Sizimi programu kwa adabu; nachomoa kwenye ukuta. Mfumo wa uendeshaji hupenda kuweka maandishi kwenye kumbukumbu ya muda na kusema yamefika kwenye diski kumbe bado. Ni waya tu unaoufichua uongo huo.

3. Nakata mtandao kati ya seva huku zote ziko hai. Naukata pande zote mbili, kisha upande mmoja tu, ili A imsikie B lakini B asimsikie A. Halafu jaribio ninalolipenda kuliko yote: siukati, naupunguza kasi. Seva iliyokufa wenzake huiruka. Seva inayojikokota huwachelewesha wote.

4. Najaza diski mpaka pomoni. Narudisha saa ya seva moja nyuma dakika tano. Utashangaa ni programu ngapi zinaamini saa kuliko zinavyoamini wenzake.

5. Jaribio la Gitaru. Saa ya mzigo mkubwa naiondoa seva moja kati ya tatu. Fanya hesabu kwanza: kama kila seva inatumia asilimia 60 ya nguvu zake, zikibaki mbili kila moja itabeba 90. Unapumua kwa shida lakini unapumua. Kama kila moja ilikuwa 70, zilizobaki zinatakiwa kubeba 105. Hapo huna seva tatu zinazolindana. Una seva tatu zinazosubiri tumbili mmoja.

6. Mwisho, nahesabu. Kila andiko la majaribio lina namba yake, na kila nikijibiwa "tayari" naandika namba hiyo kwenye faili nje ya mfumo. Baada ya vurugu zote nalinganisha. Ikikosekana hata moja, jaribio limeshindwa, hata kama mchoro wa kasi unapendeza namna gani.

Najua kuna pingamizi, na la kwanza ni pesa: "Sisi ni wadogo, si Netflix." Ndugu yangu, orodha hiyo niliifanyia kwenye kompyuta kuukuu tatu na swichi moja, mezani. Ghali ni zile siku nne za kulinganisha madaftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili: "Mambo hayo hutokea mara moja kwa miaka." Wapi? Mwaka 2023 pekee stima ilipotea karibu nchi nzima mwezi wa Agosti, ikapotea tena Novemba, ikapotea tena Desemba. Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikawa ya kubahatisha. Majaribio tunaletewa bure. Tatizo ni kwamba yanakuja bila mtu wa kuhesabu.

La tatu ndilo zito, na ninaliheshimu. Mtu atasema: ukisubiri akidi, mtandao ukikatika mfumo unakataa kupokea, na maziwa hayasubiri. Ni kweli. Eric Brewer alilisema jambo hili mwaka 2000, na Gilbert na Lynch wakalithibitisha kihisabati mwaka 2002: mtandao ukigawanyika, lazima uchague kati ya kuendelea kujibu na kusema ukweli mmoja. Hakuna pesa inayokununulia vyote viwili. Lakini mimi sikuchagua. Mimi nilibadilisha mpangilio kwa ajili ya mchoro, na uchaguzi ukafanyika bila kumuuliza mama wa Njoro.

Leo mashine za vile vituo hufanya hivi: mtandao ukikatika, maziwa yanapokelewa, rekodi inabaki ndani ya mashine yenyewe, na karatasi ya mkulima inasema wazi "imepimwa, bado haijafika". Meseji haitoki mpaka akidi ikubali. Wakati mwingine inatoka mchana. Wakulima walilalamika wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Kuchelewa wanakuelewa. Uongo hawakuelewi, na wana haki.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanunuzi zaidi kuliko kwa waandishi wa programu. Kama wewe uko kwenye kamati ya ushirika, sacco, hospitali au kaunti, na kijana kama mimi amekuja na mchoro unaopanda, mpongeze, kisha muulize maswali matatu. Mmechomoa waya lini mara ya mwisho? Mlipouchomoa, rekodi ngapi zilipotea? Naweza kuja kuuchomoa mimi mwenyewe? La tatu ndilo la maana. Ukiona anatafuta maji ya kunywa, umeshapata jibu.

Kuhusu yule mama, bado analeta maziwa. Mwezi uliopita nilikutana naye kituoni, akanionyesha simu yake. Ameweka meseji zote, hajafuta hata moja. "Hizi ni zangu," akasema. Nami nikamwambia asizifute kamwe.

Haya, tuonane wiki ijayo, stima ikituruhusu.